Nyimbo Mia za Australia na Hoja ya "Tumezoea"

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi wa darasa letu hapa Kotile juu ya khabari ya idhaa moja ya redio ya Australia, iliyokuwa ikipiga nyimbo 100 katika sikukuu ya taifa lao, kisha ikaihamisha siku hiyo, na nchi nzima ikagawanyika kwa sababu yake. Wengine katika wanafunzi walisema kwamba waliohamisha wamefanya haki. Wengine wakasema ni udhaifu, kwani mwenye nyumba hapangiwi siku ya kufurahi nyumbani kwake. Wakatutaka tuseme rai yetu. Tukaona kheri tuiandike, ili wafaidike nayo na ndugu zetu wa miji ya pwani wanaosoma kurasa hizi, maana hoja zilizotolewa huko ni zile zile tunazozisikia kila siku katika barza zetu.

Tunajua watakuwapo watakaotushangaa: masheikh wameingia wapi na nyimbo mia za makafiri? Twawajibu kwamba hukumu ya ala za muziki ni maarufu kwa kila aliyesoma, na rai yetu juu yake haikubadilika, wala si makusudio yetu leo. Mtu aweza kutazama nyumba ya jirani ikiwaka moto akajifunza namna moto unavyoanza, bila ya kuwa amependa kilichokuwa kikipikwa humo.

Khabari yenyewe ni hii. Idhaa hiyo huitwa Triple J, nayo ni ya shirika la utangazaji la umma la Australia, ABC, yaani huendeshwa kwa fedha za wananchi wote. Tangu 1989 idhaa hii huwataka wasikilizaji wake wapige kura kuchagua nyimbo wanazozipenda, na tangu 1993 huwa ni nyimbo za mwaka uliopita. Kisha huzipiga 100 zilizopata kura nyingi, ikianzia ile ya 100 mpaka ifikie ya kwanza. Siku nzima hupita katika kazi hiyo. Watu hukusanyika majumbani wakala na wakanywa, wakingoja kujua ni wimbo gani ulioshinda. Kutoka 1998 mpaka 2017 kwa kawaida jambo hili lilifanywa tarehe 26 Januari, ambayo ndiyo siku ya taifa lao. Novemba 2017 idhaa ikatangaza kwamba tangu mwaka utakaofuata itaihamisha shughuli hiyo mpaka mwisho wa juma la nne la Januari. Kabla ya kuamua iliwauliza wasikilizaji wake; wakajibu karibu watu 65,000, na 60 katika kila 100 wakakubali ihamishwe. Basi 27 Januari 2018 nyimbo zikapigwa katika siku mpya. Waziri aliyesimamia mambo ya mawasiliano, Mitch Fifield, alichukizwa na uamuzi huo na akaitaka bodi ya ABC iutazame upya. Chama kimoja cha siasa kilichoitwa Australian Conservatives kikatengeneza orodha yake chenyewe ya nyimbo 100 ili watu wasikilize katika tarehe ile ya zamani, na baadhi ya waimbaji waliotiwa humo wakalalamika kwamba hawakutaka kuwamo.

Ni nini basi kilichomo ndani ya tarehe 26 Januari hata watu wakazozana hivyo?

Siku hiyo mwaka 1788 Kapteni Arthur Phillip alishusha watu wake katika ghuba ya Sydney na kuitweka bendera ya Uingereza. Jahazi zake zilikuwa 11, na wengi katika abiria wake walikuwa wafungwa waliotolewa jela za kwao. Nchi ile haikuwa tupu. Wenyeji wake walikuwa wamekaa humo makumi ya maelfu ya miaka, wenye lugha zao na mipaka yao na visima vyao. Mwaka uliofuata, 1789, ndui iliwaua wengi wao katika pande zile za Sydney, na miaka iliyofuata ikaleta kunyang'anywa ardhi na kuuawa na kuchukuliwa watoto kwa nguvu kutoka mikononi mwa mama zao. Sheria ya Waingereza iliichukulia nchi ile kuwa kama haina mwenyewe, na dhana hiyo haikuangushwa na mahakama kuu ya Australia ila mwaka 1992, katika kesi mashuhuri ya Mabo. Kwa hiyo yule mwenye asili ya Uingereza akiiona 26 Januari huona mwanzo wa nyumba yake. Na yule mwenyeji akiiona huona mwanzo wa kubomolewa kwake. Wala si jambo walilolizua jana: tarehe 26 Januari 1938, zilipotimia miaka 150 na wazungu wakisherehekea, wenyeji walikutana mjini Sydney wakaiita Siku ya Msiba.

Tusisahau, na hili ni jambo linalotuhusu sisi Waislamu zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwamba kabla ya jahazi za Phillip kulikuwa na wavuvi kutoka Makassar, katika kisiwa cha Sulawesi, wengi wao Waislamu, waliokuwa wakienda mwambao wa kaskazini wa Australia kwa pepo za msimu. Walikwenda kuvua majongoo ya bahari, hayo hayo wanayoyajua watu wa Lamu na Vanga, wakiyachemsha na kuyakausha ufukoni ili yauzwe China. Wakafanya biashara na wenyeji, wakaachiana maneno ya lugha, kisha pepo zikigeuka wakarejea makwao. Hatusemi kuwa walikuwa malaika, wala kwamba hawakupata kugombana na wenyeji. Lakini hawakuitweka bendera wakasema nchi hii haina mtu. Na baadaye, katika karne ya 19, wakaja Waislamu wengine kutoka Afghanistan na Bara Hindi pamoja na ngamia wao, wakabeba mizigo katika jangwa ambalo farasi hawakuliweza, wakajenga msikiti mjini Adelaide mwishoni mwa miaka ya 1880. Wafugaji wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa mtu anayejua ngamia ana thamani gani katika nchi isiyo maji.

Sasa tuzitazame hoja za waliokataa.

Hoja yao ya kwanza, na ndiyo iliyopigiwa kelele kuliko zote, ni kwamba hii ni ada. Walisema: tumezoea, tumekua nayo, ni katika urithi wetu, mtu asituguse. Ndugu zetu, tazameni urithi huu una umri gani! Nyimbo hizo katika siku hiyo zilikuwa hazijatimiza miaka 20 sawasawa. Orodha ya kwanza ya 1989 haikupigwa Januari hata kidogo, ilipigwa Machi. Na hiyo sikukuu yenyewe haikuwa siku ya mapumziko kwa majimbo yote katika tarehe 26 Januari ila tangu 1994. Kabla ya hapo wengi waliisogeza mpaka Jumatatu iliyo karibu, ili wapate siku tatu za kustarehe. Yaani wao wenyewe walikuwa wakiihamisha kwa ajili ya mapumziko, na hapana aliyesema kwamba taifa limevunjika. Ilipotakiwa ihamishwe kwa ajili ya kuupunguza uchungu wa watu, ndipo ikageuka kuwa nguzo isiyong'oka.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 170, ametusimulia jawabu ya watu wanapoambiwa waifuate haki: husema kuwa wao watafuata yale waliyowakuta nayo baba zao. Na Qur'ani ikawauliza, je, hata kama baba hao walikuwa hawafahamu kitu wala hawakuongoka? Masikini hawa wa Australia hata hawana hoja ya baba zao, maana baba zao hawakuifanya! Wamejikuta nayo wenyewe ujanani. Lakini twataka kila msomaji asicheke mpaka ajitazame. Ni mambo mangapi katika miji yetu, katika maziko na arusi na ziara, tunayoyashikilia na kuyapigania kama kwamba yameteremshwa, na ukiuliza yalianza lini hukuti aliyekwisha kuulizwa swali hilo? Ada ikipitiwa na watoto wawili watatu huvaa kilemba ikaitwa dini.

Hoja yao ya pili ni kwamba wanaoumia ni wachache, na siku ya wengi haibadilishwi kwa ajili ya wachache. Hapa twasema kitu ambacho huenda hakitawapendeza hata wale waliohamisha. Idhaa ilifanya vyema kuhamisha, lakini haikufaa kuliegemeza jambo hili juu ya kura. Waliojibu ni wasikilizaji wa muziki, na 60 katika 100 walisema naam. Je, lau wangesema naam 40 tu, uchungu wa mwenye kuumia ungekuwa umeondoka? Wenyeji wa asili wa Australia hawafiki hata 4 katika kila watu 100 wa nchi ile. Watu wa namna hii hawawezi kushinda kura yoyote duniani. Haki yao hailindwi ila na dhamiri ya wengi au na sheria iliyo juu ya wengi.

Hoja ya tatu ilikuwa laini zaidi: kwamba mambo haya ni ya zamani, walioumiza wamekufa na walioumizwa wamekufa, basi kwa nini kufukua makaburi? Jawabu yake tunaipata katika sira ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Wahshi ndiye aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, katika vita vya Uhud. Baadaye Wahshi akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa, na damu yake ikahifadhika. Lakini Mtume alimtaka, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari, ikiwa anaweza asiwe akimwonyesha uso wake. Zingatieni jambo hili. Aliyesamehe ni Mtume, na moyo wake ni moyo mkunjufu kuliko nyoyo zote, na bado kuona kilichomkumbusha msiba wake kulikuwa kuzito. Hakumwadhibu Wahshi, wala hakumfukuza katika dini. Alimwomba tu asisimame mbele ya macho yake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa Mtume, mtamwambiaje mtu wa kawaida kwamba amesamehe uongo kwa kuwa hawezi kucheza ngoma katika tarehe ya msiba wake?

Na liko jambo lililo karibu zaidi na suala letu, nalo ni namna Waislamu walivyoichagua tarehe yao wenyewe. Katika ukhalifa wa Umar bin Al-Khattab, Mungu amwie radhi, watu walihitaji kuhesabu miaka. Wakafanya shauri: ianzwe kwa kuzaliwa Mtume, au kwa kupewa utume, au kwa kuhama, au kwa kufa kwake? Hafidh Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Bukhari, ameeleza kwamba kufa kwake waliliepuka kwa sababu ya huzuni ambayo kulitaja kungeileta, na zile nyingine mbili hazikusalimika na khitilafu ya mwaka wake. Basi wakashika Hijra. Tena hawakuanzia mwezi wa Rabii al-Awwal ambao Mtume aliingia Madina, bali Muharram. Sahaba wa Mtume walikaa wakapima tarehe, na katika waliyoyatia mizanini ni huzuni ya watu. Nani basi atakayesema kwamba kuujali uchungu wa watu katika kuchagua siku ni udhaifu?

Hayo ndiyo ya Australia. Ama sisi wa huku kando ya Mto Tana, tuna khabari zetu, na hatuwezi kuzipita kimya baada ya kusema ya wenzetu.

Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963. Mwaka mmoja kabla yake, 1962, Waingereza walituma tume kuuliza rai za watu wa wilaya hizi za kaskazini, na ikaonekana wazi kwamba Wasomali wengi walitaka kuungana na Somalia. Waliulizwa, wakajibu, na jawabu lao likawekwa kando. (Idhaa ya muziki huko Australia iliuliza ikafuata, dola iliyotawala dunia iliuliza ikanyamaza.) Kabla mwezi ule wa Desemba haujaisha, hali ya hatari ikatangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata, vilivyoitwa vya shifta, vilidumu mpaka 1967. Watu walikusanywa katika kambi na mifugo yao ikaangamia. Na sheria za hali ya hatari hazikuondoka mpaka 1991. Kati ya miaka hiyo kukachomwa mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa mwaka 1980, na Februari 1984 wanaume wakakusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, huko Wajir, wakafa humo kwa risasi na kwa kiu na kwa jua. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Wenye maiti wanataja mamia, na wengine maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo yote katika ripoti yake ya 2013.

Hatusemi kwamba mipaka ibadilishwe. Jambo hilo limepita, na watoto wetu ni Wakenya, na wamo katika walimu na waganga na maaskari wa nchi hii. Wala hatusemi 12 Desemba ihamishwe. Tarehe ile haikuchaguliwa juu ya makaburi ya mtu, na baba wa huko Kisumu au Nyeri anayeifurahia hafurahii mauti yetu, anafurahi kuondoka kwa Mwingereza, na sisi pia tulitawaliwa na Mwingereza huyo huyo. Hapa ndipo tunapotofautiana na vijana wanaotaka kuiga kila neno lililosemwa Australia. Kesi mbili zikifanana uso hazijawa ndugu. Tunachotaka ni kwamba msomaji wa khabari katika redio, anapoisimulia safari ya taifa siku ile, asiruke kutoka 1963 mpaka leo kama kwamba huku kaskazini hakukuwa na watu. Yule mtoto wa Wajir anayesikiliza ana babu.

Baadhi ya vijana walisema pia kwamba tuwe na siku yetu ya msiba ya kila mwaka, tarehe 10 Februari, tukae matanga. Hili hatuliafiki. Sharia imeweka mipaka ya kukaa matanga, siku tatu kwa asiyekuwa mke, na hatujaona kwa sahaba siku ya kuomboleza inayorudiwa kila mwaka, ijapokuwa walizika waliokuwa bora kuliko waliozikwa Wagalla. Idi zetu ni mbili, na msiba hatuufanyi idi ya tatu. Waombewe dua kila siku, watazamwe mayatima wao na wajane wao, na anayetaka kufuatilia fidia na haki mbele ya mahakama afuatilie, hayo yote ni sawa na mengine ni wajibu. Jambo la kuandika na kusomesha yaliyotokea nalo si bid'a; ni ushahidi, na mwenye kuuficha ushahidi moyo wake una dhambi.

Na ndugu zetu wa Unguja nao wanalijua jambo hili. Tarehe 12 Januari kuna anayepigiwa ngoma, na katika mtaa huo huo kuna mama anayefunga dirisha kwa sababu ya waliouawa 1964. Wote wawili husali katika msikiti mmoja. Hatutaingia katika siasa yao. Tunataja tu kwamba imamu anayepanda mimbari katika wiki ile ana watu wa namna mbili mbele yake, na awaone wote.

Sasa tunakuja katika neno lililotufanya tushike kalamu, nalo ni zito zaidi kwetu kuliko Australia na Nairobi. Nalo ni nyimbo zetu wenyewe.

Mto huu wa Tana unanywesha Msomali na Orma na Mpokomo na Munyoyaya. Mwaka 2012, chini ya mto huu katika Tana Delta, Wapokomo na Waorma waliuana kwa sababu ya malisho na maji na mashamba, wakafa zaidi ya watu 100, na katika waliokufa walikuwamo wanawake na watoto waliouawa majumbani. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza wala si wao peke yao. Kila kabila la ukingo huu lina hesabu yake ya ng'ombe waliochukuliwa na vijana waliozikwa. Sasa katika arusi zetu huimbwa nini? Vijana husimama safu wakaimba sifa za waliopora na kuua, kwa majina ya visima na majina ya waliokimbia, na sauti hubebwa na vipaza sauti usiku kucha mpaka ng'ambo ya mto, ambako mwenye jina lile ana mjane anayesikia. Ukiwakataza husema: sheikh, hii ni ada, tumezoea, ni mchezo tu wa arusi.

Hoja hiyo mmeisikia hapo juu, na mmeona ilivyo tupu ilipotoka katika kinywa cha mwingine.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba jeneza lilipita mbele ya Mtume, naye akasimama. Akaambiwa kwamba ni jeneza la Myahudi. Akawauliza kama aliyekufa hakuwa nafsi. Huyo hakuwa Mwislamu wala hakuwa mtu wa kabila lake. Na hao wa ng'ambo tunaowaimbia wengi wao tunasimama nao safu moja siku ya Ijumaa, mguu kwa mguu!

Kwa hiyo tumekubaliana na wazee wa hapa, na tunawaomba maimamu wa Masalani na wa Garore na wa vijiji vyote vya mtoni watuunge mkono, kwamba baba anayeoza binti aweke sharti kwa waimbaji kabla hajawalipa: asitajwe mtu aliyeuawa, wala kisima kilichomwagiwa damu, wala kabila kwa kejeli. Na ukiwapo msiba katika kijiji, wetu au wa jirani, arusi ifungwe kwa khutba na chakula, na vipaza sauti vingoje siku tatu zipite. Baba mmoja amekwisha kulifanya hili katika mwezi uliopita. Waimbaji walinung'unika, wakaimba sifa za bibi arusi na ngamia wa mahari, na watu wa ng'ambo wakavuka kwa mtumbwi kuja kula.

Wabillahi tawfiq.